Kidonda Kilichoanikwa Juani

Njegere zikikomaa hazina mjadala. Zisipochumwa leo, kesho zitakuwa ngumu, na keshokutwa ni chakula cha kuku.

Kwa hiyo Bernadeta alikuwa shambani kabla ukungu haujainuka. Shamba lao lilikuwa mteremkoni, huko Mgeta, juu katika milima ya Uluguru. Ilikuwa miaka ya Wadachi, yaani Wajerumani, muda si mrefu baada ya garimoshi kufika Morogoro. Mapadri wa misheni walikuwa wameleta mbegu za njegere, kabichi na viazi mviringo. Watu wa Mgeta walizilima, wakazibeba kichwani, wakashuka nazo mjini kuuza.

Hakuna mwanamke aliyebeba mzigo kama Bernadeta. Tenga lake lilikuwa kubwa kuliko yote kijijini, na bado alitangulia njiani huku akiongea. Alizaliwa na ualbino. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, nywele zake za manjano, na macho yake hayakupenda mwanga mkali. Watu wa sokoni walikwisha kumzoea, lakini hakukosekana mjinga mmoja.

"Mzungu wa Mgeta! Leo umetuletea nini?"

"Mzungu gani umemwona akibeba tenga?" Bernadeta alimjibu. "Nunua au sogea. Unawazibia wateja."

Kitu kimoja tu kilimshinda. Kilikuwa kidonda kwenye panja la kushoto, kati ya jicho na sikio. Kilianza kama kigaga kidogo. Akakibandua, kikarudi. Akakibandua tena, kikarudi kikubwa zaidi. Sasa kilikuwa kidonda kipana, kingo zake zimeinuka na kuwa ngumu. Katikati kilitoa maji, na kikiguswa kilitoa damu. Hakikumuuma sana. Ndiyo maana walikivumilia mwaka mzima.

Mama yake, Agnes, alikuwa na dawa yake.

Mgeta ni nchi ya ukungu. Maharage yasipoanikwa huota kuvu. Kuni zisipoanikwa hazishiki moto. Nguo zisipoanikwa hunuka. Kila kitu kibichi kule juu kisipopata jua kinaoza. Kwa hiyo kila ukungu ulipoinuka, Agnes aliita.

"Bernadeta! Jua hilo. Njoo uanike kidonda."

Bernadeta alikaa juu ya jiwe pana, kando ya maharage, akageuza panja juani. Alifumba macho kwa sababu ya mwanga. Kidonda kilikauka juu, kikafanya gamba. Agnes alifurahi. Baada ya siku chache gamba lilipasuka na damu ikatoka tena.

"Jua halijatosha," Agnes alisema. "Kesho ukae zaidi."

Mama huyu alimpenda mwanawe kuliko kitu chochote. Lakini kila asubuhi, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa anakilisha kile kidonda.

*

Bernadeta alipokuwa na njegere za kuuza, alilala mjini kwa Mwajuma. Mwajuma alikuwa mchuuzi wa mboga, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Mumewe, Salum, alikuwa msaidizi wa daktari katika hospitali ya Wadachi. Alijifunza kazi hiyo kwa miaka mingi, kuanzia kusafisha vidonda mpaka kumsaidia daktari wakati wa upasuaji.

Siku moja Salum alirudi mapema, akamkuta Bernadeta anapepea moto. Kitambaa alichofunga kichwani kilikuwa kimeteleza.

"Shikamoo, shemeji," Bernadeta alisema.

"Marahaba. Hicho kidonda kina muda gani?"

"Aa, ni kidonda tu. Tangu mwaka jana wakati wa kupanda."

Salum aliweka kofia yake chini. "Mwaka mzima! Na unakifanyia nini?"

"Nakianika."

"Unakianika wapi?"

"Juani, shemeji. Kwani watu huanika wapi?"

Mwajuma alicheka. Salum hakucheka. Alinawa mikono, akamwomba Bernadeta akae karibu na mlango, akaangalia kingo za kidonda kwa muda mrefu. Kisha akamshika taratibu mbele ya sikio, chini ya taya na shingoni.

"Unatafuta nini huko? Kidonda kiko juu."

"Natafuta tezi zilizovimba. Sijaziona. Hiyo ni habari njema." Akakaa. "Sasa nisikilize. Jeraha la kawaida hupona. Likipita mwezi mzima halijapona, au linapona na kurudi, linatoa damu, na kingo zake zimeinuka hivi, hilo si la kuangalia tu. Inawezekana ni saratani ya ngozi. Daktari atakata na kupima, ndipo tutajua hakika."

Bernadeta alirudisha kitambaa juu ya kidonda.

"Ni kwa sababu mimi ni hivi?" aliuliza, akigusa mkono wake mweupe.

"Ngozi yako haina ile rangi nyeusi inayolizuia jua. Jua linaiunguza mpaka ndani. Lakini usidhani ugonjwa huu ni wa watu kama wewe tu. Tulikuwa na askari mmoja, mweusi kama mimi. Alikuwa na kovu la moto mguuni tangu utotoni. Juu ya kovu kikaota kidonda, naye akakiacha miaka. Alipokuja, kilikwisha kuingia kwenye mfupa. Ilibidi tukate mguu."

"Na mimi mtanikata nini? Kichwa?"

"Kichwa mwachieni," Mwajuma alisema haraka. "Ndicho kinacholeta njegere zangu."

Sasa hata Salum alicheka.

"Kidonda kikiwa kidogo na kiko juujuu," alieleza, "daktari hukikwangua kwa kijiko chenye makali, kisha huchoma mahali pake kwa chuma cha moto. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Chako kimepita hapo. Chako ni cha kukatwa chote, pamoja na ukingo wa ngozi nzima kukizunguka. Halafu anavuta ngozi ya huku na ya huku, anashona."

"Ngozi nzima inakatwa kwa kosa gani?"

"Kwa sababu ugonjwa huu unaenea chini, mahali ambapo macho hayafiki."

"Na ngozi isipotosha kushona?"

"Anachukua utando mwembamba wa ngozi kutoka pajani, anaupandikiza usoni."

"Na nikikiacha?"

Salum hakumzungusha. "Kitakwenda kwenye jicho. Kisha kwenye mfupa. Kisha kwenye tezi. Tezi zikivimba, nazo hukatwa, lakini kupona kunakuwa kugumu. Kikiingia ndani ya mwili, hakuna kisu cha kukifuata. Huwa tunafunga bandeji na kutoa dawa ya maumivu. Sitaki kukufunga bandeji ya namna hiyo, Bernadeta."

*

Kuambiwa ni jambo moja, kuruhusiwa ni jingine. Kwa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Bernadeta alikuwa mtu mzima, lakini hakuweza kulazwa hospitali ya Wadachi bila neno la Kasiani, kaka yake Agnes.

Kule Mgeta, Kasiani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapana."

"Mjomba—"

"Miaka ya vita na Wadachi hukuwa mtoto mdogo. Uliona nani alichoma maghala yetu. Uliona tulivyokula mizizi ya porini. Mkono ule ule leo ushike kisu kichwani mwako, nami nikae nikitazama?"

Agnes alianza kulia. Bernadeta hakulia.

"Mizizi ile niliila na mimi, mjomba. Sijasahau ladha yake. Siendi kwa Mdachi kumsamehe. Naenda anitoe kidonda."

Kasiani alisukuma kuni motoni. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa kukwepa. Asubuhi alitokea na fimbo yake na mfuko wa viazi vya kuchemsha.

"Nakwenda nawe. Nitakaa mlangoni. Akate mara moja, basi. Mara moja."

*

Daktari alikuwa Mdachi mwembamba aliyesema Kiswahili kifupi kifupi. Kama Salum, alishika kwanza mbele ya sikio na shingoni. Kisha akaona vidoa mikononi mwake, akauliza vilianza lini.

"Baada ya kutoka ndani," Bernadeta alijibu.

"Ndani wapi?"

Salum alimweleza. Msichana wa Kiluguru akivunja ungo huwekwa ndani ya nyumba muda mrefu, akifundishwa na wanawake. Huitwa mwali. Haendi shambani, haoni jua.

"Na ulipokuwa mwali, ngozi ilikuwaje?"

"Laini, Bwana Daktari. Wanawake waliisifu. Sikuwa na hata kidoa. Nilipotoka, nikaanza kulima, ndipo—" Aligeuka kumtazama mjomba wake pale mlangoni. Kasiani naye alikuwa amekunja uso, anafikiri.

"Jua," Kasiani alisema polepole. "Na sisi tumekuwa tukimwanika."

"Jua," daktari alisema. "Kuanika, mwisho leo."

Walimchoma sindano ya ganzi kuzunguka kidonda. Bernadeta alikuwa macho. Alisikia mkasi, alisikia maji ya bakuli, lakini maumivu hakuyasikia. Salum alisimama upande wake.

"Niambie unachoona, shemeji."

"Naona mwanamke anayeongea wakati anakatwa. Funga mdomo, panja linatikisika."

Kidonda kilitoka chote. Daktari alifunga uzi kwenye ncha moja ya kipande hicho ili ajue upande upi ulikuwa wa sikio. Alikitia kwenye chupa ya dawa. Jeraha hakulishona kwanza. Alilifunika kwa bandeji safi, akasema lazima apime kwa hadubini, kile chombo cha kukuza vitu vidogo.

Wakasubiri nyumbani kwa Mwajuma. Kasiani hakujua kukaa bure. Alipasua kuni zote za Mwajuma, kisha za jirani.

Siku ya majibu daktari alisema bila kuremba. "Ni saratani. Ukingo wa juu, safi. Wa chini, safi. Wa jicho, safi. Wa sikio, bado. Lazima kukata tena."

Kasiani alisimama. "Tulipatana mara moja!"

"Mzee, ukingo wa sikio—"

"Mara moja! Ukingo wa sikio nimeuona mimi. Ni ngozi nzima, haina hata mkwaruzo. Mmezoea kukata. Bernadeta, nyanyuka twende."

Bernadeta hakunyanyuka. Bandeji ilimfunika nusu ya kichwa. Jicho moja tu lilimwangalia mjomba wake.

"Mjomba, unalikumbuka shamba la mtoni? Lile lenye ndago?"

"Ndago imeingiaje hapa?"

"Nililima siku nzima. Nikang'oa kila jani. Wewe ukaja jioni. Ukafanya nini?"

Kasiani alitazama mlango.

"Ulichukua jembe, ukafukua pembeni, mahali palipokuwa safi kabisa. Hapakuwa na jani hata moja. Ukatoa kiazi cha ndago, kidogo kama punje ya hindi. Ukanionyesha. Ukanirudisha nilime upya upande wote ule. Nililia, mjomba. Nilikuita majina moyoni."

"Najua," Kasiani alisema.

"Ndago ilirudi?"

Mzee alikaa chini. "Haikurudi."

Daktari alimwuliza Salum ndago ni kitu gani. Salum alimweleza: ni magugu ambayo viazi vyake hujificha chini ya udongo, mbali na majani, na kikibaki kimoja shamba lote linaharibika. Daktari alimtazama Kasiani kwa heshima.

"Mzee anajua kazi yangu," alisema.

Kasiani alishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Basi ilime vizuri," alimwambia. "Usiniachie kiazi."

*

Mara ya pili walimpa dawa ya usingizi, iliyodondoshwa kwenye kitambaa juu ya pua. Daktari alikata upande wa sikio. Sasa jeraha lilikuwa pana, ngozi isingevutika bila kupindisha jicho. Akachukua utando mwembamba wa ngozi pajani, akaulaza juu ya jeraha, akaubana kwa bandeji. Alipima tena kile alichokata. Safi pande zote.

Bernadeta alikatazwa kutikisa kichwa. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kisu. Paja lilimuuma kuliko panja, kama mtu aliyeungua kwa maji ya moto. Alivumilia. Kasiani alikaa kitandani pake akimlisha uji kwa kijiko, mtu ambaye kwake alikuwa hajawahi kushika hata mwiko. Wauguzi walimpita wakitabasamu. Hakujali.

Bandeji ilipofunguliwa, ngozi mpya ilikuwa imeshika. Ilikuwa na rangi ya waridi, imebonyea kidogo, lakini ilikuwa hai. Jicho lilikuwa salama.

Mwajuma aliitazama kwa karibu. "Sasa mwenzangu, ukitembea bila kofia, umeonyesha paja."

Bernadeta alicheka mpaka Salum akamgombeza kwa ajili ya mshono wa pembeni.

*

Kule Mgeta, Agnes alimpokea mwanawe mlangoni. Aligusa kovu kwa ncha ya kidole.

"Mimi ndiye niliyekuanika," alisema.

"Hukujua, mama. Sasa unajua. Kofia yangu iko wapi?"

Kofia ilikuwapo. Kasiani alimwagiza fundi wa ukindu asuke pana, ivuke mabega. Bernadeta akaanza kuvaa nguo ya mikono mirefu, akalima alfajiri na jioni, na jua likipanda alikaa ndani kuchambua njegere. Kasiani akafanya jambo kubwa zaidi. Ardhi ya ukoo ilikuwa mikononi mwake. Alichukua kipande chake mwenyewe, kile cha bondeni nyuma ya kilima ambako kivuli huingia mapema, akampa Bernadeta. Yeye akachukua mteremko wa juani.

"Njegere zako zitachelewa kukomaa kule," alimwambia.

"Mimi pia nilichelewa kwenda hospitali, na bado nipo," Bernadeta alijibu.

Tangu miaka ile mambo yamebadilika. Wadachi waliondoka. Hospitali ni zetu, na wapasuaji ni watoto wetu. Lakini njia ni zilezile. Kidonda kidogo cha juujuu hukwanguliwa na kuchomwa. Kikubwa hukatwa pamoja na ukingo wake na kupimwa. Ukingo usipokuwa safi, hukatwa tena. Jeraha likiwa pana, hupandikizwa ngozi. Mwenye ualbino akaguliwe ngozi mara kwa mara, hata kama haumwi. Mwenye kovu la zamani la moto aliangalie. Kidonda kikipita mwezi hakijapona, usikianike, usikichome kwa dawa za mtaani. Nenda kapimwe. Mtu asikwambie kwamba kisichouma hakiui.

Bernadeta mwenyewe alijua yote hayo, na bado mwaka uliofuata alitaka kujifanya hajui. Kasiani alikuja kumsalimia asubuhi moja. Bernadeta alikuwa amevua kofia ili anawe uso.

"Hicho sikioni nini?"

"Kigaga tu, mjomba. Nilikwaruzwa na mti."

"Lini?"

Bernadeta alitazama pembeni. "Kabla ya kupanda."

"Funga mzigo. Tunashuka."

"Mjomba! Njegere zimekomaa leo! Nikishuka zitakuwa chakula cha kuku!"

"Basi kuku watashiba," Kasiani alisema. Alikuwa ameshashika fimbo.

Walishuka. Kigaga kilikuwa kidogo. Daktari alikikwangua, akachoma kwa chuma, na Bernadeta akaenda kwa miguu yake nyumbani kwa Mwajuma kula wali. Jicho lilikuwa zima, sikio zima, ulimi mzima.

Waliporudi Mgeta, nusu ya njegere zilikuwa ngumu kama kokoto. Kuku wa Agnes walikula vizuri wiki ile. Hakuna aliyewaonea kinyongo.